"Yaishe" Ilivyofika Redioni

Dada yangu mkubwa alinishtaki kwa sababu ya chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia mama. Mimi natengenezea milango humo. Yeye alitaka kuweka cherehani zake, maana wateja wa nguo hawapendi kuzungushwa uani. Hakimu akatupeleka kwa msuluhishi, mama mmoja mtu mzima, naye akatuambia yatakayosemwa ofisini mwake yabaki mle mle.

Siku ya kwanza tulitupiana maneno mpaka tukachoka. Mwishowe nikasema, "Yaishe, dada. Chukua upande wa dirishani, mimi nibaki na upande wa mlango." Akafuta macho, akasema atanijibu tukirudi. Nilitoka nikijua tumemaliza.

Kesho yake niko kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, redio ikasema fundi milango amesalimu amri, amekiri kumdhulumu dada yake. Jina hawakutaja, lakini mtaani kwetu fundi milango anayeshtakiana na dada yake ni nani mwingine? Kinyozi akaniuliza kama amalizie kipara kabisa, kama cha mfungwa. Watu wakacheka.

Nani aliyepeleka habari? Nilimshuku dada. Yeye alinishuku mimi, eti natafuta huruma za watu. Mpaka leo sijui.

Tuliporudi niliingia nimevimba. Nikasema sijakiri kitu, na chumba chote ni changu. Dada naye akaanza na "mimi kama mwanamke niliyenyanyaswa," maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Msuluhishi akatutazama kwa zamu.

"Mnaongea na nani?" akauliza. "Humu tupo watatu tu."

Nilitaka kusema tena yaishe. Kila nikilitafuta neno hilo, nasikia sauti ya mtangazaji. Nikaanza kujiuliza, huenda kweli nilisalimu amri na mwenyewe sikujua? Tukaondoka mikono mitupu.

Nje, mwandishi wa habari akanisogezea kinasa sauti mpaka mdomoni. Dada akampiga kikumbo.

"Mwache. Huyu ni mdogo wangu."

Jioni redio ikatangaza kwamba dada amemdhalilisha nduguye hadharani kwa kumwita mdogo.

Nikakaa kitandani, sijui nikasirike au nifanye nini. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu, lakini redio nayo ilisema kwa uhakika kunishinda. Simu ikalia. Dada akaniuliza kama nimesikia.

"Nimesikia. Sasa tumepatana au hatujapatana?"

"Mimi nitajuaje? Waulize hao." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kukoroma.

Asubuhi alifika na cherehani moja kwenye mkokoteni. Nikashika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukaiweka dirishani. Nilipofungua mdomo akaweka kidole midomoni, akanionyesha nyumba za majirani. Nikarudi kwenye randa yangu. Kama amekubali au amekuja kuteka chumba, sikumuuliza.