Mwajiriwa wa Kwanza wa Kontena

Serikali ilipoamua kuwasogezea watu wa mashambani huduma za ajira, sisi wa Seme tulisogezewa kontena. Lilishushwa karibu na soko letu, kati ya Kombewa na ziwa, likiwa limepakwa rangi za bendera na kuandikwa ubavuni: AJIRA MLANGONI PAKO. Ndani aliwekwa Khaemba, afisa mpole kutoka Bungoma, na kompyuta mpya ya kuwaandikisha wasio na kazi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtandao.

Watu walipanga foleni hivyo hivyo. Khaemba aliwasha kompyuta, kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, nasi tukakitazama kwa adabu kama tuko kanisani. Jioni tuliambiwa turudi kesho, huenda mtandao ukaamka vizuri.

Dorca alikuwa kwenye foleni hiyo. Alikuwa mpishi katika hoteli moja mjini Kisumu hadi ilipofungwa, akarudi nyumbani na watoto wake kungoja simu ya kuitwa kwingine. Baada ya kusimama na njaa kutwa nzima, akagundua kwamba foleni yote ina njaa. Siku iliyofuata alikuja na jiko, birika la chai na sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, akaanza kuuza. Kadiri mtandao ulivyozidi kukataa, ndivyo sufuria ilivyozidi kuisha mapema.

Ndipo zikaja habari kwamba mkurugenzi wa mradi anakuja kuona mafanikio. Khaemba alimfuata Dorca jikoni jasho likimtoka.

"Mama, nisaidie. Wanataka kuona mtu mmoja aliyepata kazi kupitia hiki kituo."

"Kwani wewe hutoshi? Si uko na kazi?"

"Mimi sihesabiwi. Lakini wewe kazi umepata, na umeipatia hapa. Si uongo."

Dorca alicheka mpaka akaketi. Kisha akamwonea huruma, akakubali, na akakubali pia kuwapikia wageni.

Siku hiyo kila kitu kilifika: hema, viti vya kitambaa, na gari lenye dishi kubwa juu. Gari hilo lilileta mtandao, ili picha za mkurugenzi zifike Nairobi kabla hajamaliza hotuba. Dorca alisimamishwa mbele, akatambulishwa kuwa tunda la mradi, akapigiwa makofi. Sisi wa foleni tuliombwa tusogee nyuma kidogo, tulikuwa tunaharibu picha.

Wageni walipokuwa wakila, Khaemba alipita kwenye kontena kuchukua kofia yake. Kiduara kilikuwa kimesimama. Ukurasa ulikuwa umefunguka. Akachungulia nje, akamkonyeza Dorca na kumwonyesha gari lile.

Dorca akaelewa: gari likiondoka, na mtandao umeondoka. Mkurugenzi alikuwa tayari ananawa mikono akitazama saa.

"Unaenda wapi, Baba? Hiyo ngege ilikuwa samaki ya kufungua mdomo tu. Mbuta, samaki yenyewe kubwa, bado iko kwa moto."

"Mama, tuna safari ndefu."

"Ndiyo maana unafaa ushibe. Ama chakula ya mashambani haikufai?"

Nani angejibu ndiyo mbele ya wapiga picha? Mkurugenzi aliketi tena. Mbuta ikaja, ikafuatwa na kuku, kuku akafuatwa na osuga, na Dorca akaanza kueleza kwa utaratibu jinsi mboga hiyo inavyochemshwa na maziwa. Nyuma ya hema, foleni iliingia kontena upande mmoja na kutokea upande mwingine, kimya, kama watu wanaoiba. Tuliandikishwa hadi dereva alipowasha gari.

Ripoti ya mradi, tulivyoambiwa, ilisifu sana kasi ya mtandao wa mashambani. Katika sisi wa foleni, Oluoch, fundi wa mawe, alipigiwa simu na sasa anajenga Bondo. Winny yuko Sondu, anashona sare za shule. Khaemba alihamishwa akafundishe maafisa wenzake siri ya mafanikio.

Lakini jioni ile, kabla ya yote hayo, alikuwa bado anapitia majina kwenye kompyuta iliyokwisha kukosa mtandao.

"Mama Dorca, mbona lako silioni?"

Dorca alikuwa ameinama juu ya rundo la sahani, mikono imejaa sabuni.

"Nilikuwa kazini," akasema, akavuta sahani nyingine.