Kanga ya Mokami

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, mwaka elfu mbili ishirini na nne, mchana wa mvua, umeme ulikatika hospitalini Mokami akiwa amelazwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na ufunguo wa banda la jenereta haukuonekana.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Mengine yote yaliyompata mumewe, Kisyeri, yalianzia hapo.

Walikuwa wametoka Kemambo asubuhi kwa pikipiki, damu inamtoka mwanamke na mimba haijatimiza miezi yake. Daktari akasema apasuliwe sasa hivi. Wakamvua, wakamfunika shuka la kijani, na kanga yake iliyolowa wakamtupia mume aishike. Ndipo taa zikazimika. Kisyeri akasikia watu wanakimbia huku na huko koridoni: ufunguo anao fulani, hapana, alimwachia fulani, na huyo fulani yuko semina, simu yake haipatikani. Jenereta lilikuwepo. Jipya, limejaa mafuta. Walilifungia kwa kufuli kubwa lisiibwe, na kweli halikuibwa.

Mokami akamshika mumewe mkono. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kama ng'ombe wamesharudi:

"Wamepata ufunguo?"

"Wanaleta," Kisyeri akasema.

Hawakuleta. Baadaye, baadaye sana, fundi alivunja kufuli kwa nyundo, taa zikawaka. Mtoto akatolewa hai, wa kike, mdogo kama kifaranga kilichonyeshewa. Mama yake akatolewa amefunikwa uso.

Wakubwa wakamwambia mume kwamba ni damu, damu ilikuwa nyingi. Kufuli hakuna aliyelitaja. Ukiwasikiliza ungedhani mvua ndiyo iliyomuua.

Wakazika Kemambo. Udongo haujakauka, Kisyeri akarudi hospitalini, kwa sababu mtoto alikuwa bado kule, kwenye wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na hakuna mtu mwingine wa kumbeba. Mama mzazi wa Kisyeri, bibi Gati, miguu imevimba. Dada zake Mokami wako mbali, kule Manchira, na kila mmoja ana mtoto wake mgongoni.

Pale wodini alimkuta mama mmoja mnene, amevaa fulana ya kijani, anagawa kofia za sufu za watoto. Jina lake Efrazia. Alikuwa nesi, akastaafu, sasa yeye na wenzake wachache wana kikundi chao, watu wanakiita Kikundi cha Kofia. Wamepanga nyumba mkabala na geti, mama wenye njiti wanalala humo na kupika uji badala ya kulala koridoni. Mashine ya oksijeni ikiharibika, wao ndio wanaomtafuta fundi, wala si serikali.

"Pole baba," Efrazia akasema, akamnyooshea kikofia cha njano.

Kisyeri alikitazama. "Mke wangu alikosa ufunguo. Nyinyi mnaniletea kofia?"

Efrazia hakukasirika. "Kofia ni ya mtoto, baba. Ya kwako wewe ni kazi. Vua shati."

"Nini?"

"Vua shati. Mtoto huyu anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama yake hayupo. Utavua, au nikuvue?"

Wodi nzima ikacheka. Kisyeri, mtu mzima, amechunga ng'ombe, amefukuzana na wezi wa mifugo, akavua shati mbele ya wanawake. Efrazia akamlaza mtoto katikati ya kifua chake kama chura kwenye ukuta, akachukua kanga safi kutoka kwenye lundo, akamzungushia, akakaza.

"Baba Kemambo, umejifungua salama?" akauliza Lilian, binti wa kitanda cha jirani, naye ana njiti wake.

"Salama tu," Kisyeri akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akataka kutabasamu. Akainamisha kichwa amtazame mtoto. Akaona tundu kwenye kanga, la duara, limeungua pembeni. Cheche ya mkaa. Alikuwepo siku cheche ile iliporuka jikoni, Mokami akaipiga kwa kiganja huku akiapiza.

Ilikuwa kanga yake. Kisyeri aliidondosha koridoni siku ile, hakukumbuka wapi. Efrazia aliiokota, akaifua damu, akaianika kwenye seng'enge, akaikunja na nyingine. Ni mtu wa Bukoba, hakujua. Kwao Kisyeri nguo ya marehemu haigusi mtu aliye hai mpaka matanga yaishe na watu wanyolewe. Kumfungia mtoto mchanga ndiyo kabisa.

Alipeleka mkono kwenye fundo alifungue. Na hapo, kati ya kifua chake na mtoto, mahali pasipoweza kupita hata karatasi, akaisikia sauti ya upole:

"Wamepata ufunguo?"

Mkono ukafa pale pale kwenye fundo.

Siku zikaenda. Kisyeri akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki, kanga kifuani, anamkamulia mtoto maziwa ya Lilian kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kama alivyoelekezwa. Lilian alikuwa na maziwa mengi, aligawa bila kuombwa. Mtoto akaanza kuwa na mashavu. Hakuitwa jina; matanga yalikuwa hayajaisha, wakamwita tu mtoto wa Mokami. Na kila umeme ulipocheza, kila mlango ulipofungwa kwa kishindo, kila funguo zilipolia kiunoni mwa mlinzi, swali lilirudi. Haikuwa sauti ya kulaumu. Afadhali ingekuwa ya kulaumu. Ilikuwa ya mtu anayemwamini mumewe kwamba amekwenda kuulizia na sasa hivi atarudi na jibu.

Bibi Gati akaja Ijumaa moja, amepakiwa kwenye pikipiki na mzigo wa mtama. Lilian na wenzake wakamwamkia, "Shikamoo bibi," akawaitikia marahaba. Macho yake yakatua kifuani kwa mwanawe, akaacha kuitikia.

"Hiyo ni ya nani?"

"Mama, ngoja nikueleze."

"Hiyo ni ya nani, Kisyeri?"

"Ya mama yake."

Bibi akakaa chini sakafuni, pu, kama gunia. "Toa," akasema. "Toa tata, mwanangu, toa. Unamfungia mtoto mauti."

Efrazia, aliposikia habari ile, alishika mdomo. Akaomba msamaha, akaleta kanga mpya ya kikundi, ina alama ya kofia pembeni. Wakafungua ile ya kwanza. Wakafunga ile mpya. Kisyeri akakaa, bibi akawa anamshukuru Mungu.

Mtoto akakaa kimya. Halafu kimya kikazidi. Midomo ikaingia weusi, kama zambarau. Nesi akaruka, akamsugua nyayo, akampiga piga mgongoni. "Pumua mama, pumua." Mtoto akavuta pumzi kidogo, akaacha tena.

"Nipeni!" Kisyeri akapiga kelele. "Nipeni ile!"

Wakairudisha kanga yenye tundu, wakaikaza. Mtoto akapumua. Akapumua kama mtu aliyetoka kulia.

"Njiti husahau kupumua," Efrazia alimweleza baadaye, wamekaa barazani kwenye nyumba ya kikundi, uji unapoa. "Akili bado changa. Na wewe, baba, ulikuwa umekauka kwa woga, moyo unakwenda mbio. Mtoto anausikia moyo wako. Ukitulia wewe, anatulia yeye."

"Basi mbona kwa kanga hii tu?"

Efrazia akakoroga uji ambao hauna haja ya kukorogwa. "Sijui," akasema.

Bibi Gati ndiye aliyejua, au alisema kama ajuaye. "Anamshika," alimwambia mwanawe, aliyekwisha kumsimulia ile sauti. "Mtu akifa na swali mdomoni haondoki. Aliuliza, nawe ukamwambia wanaleta. Si ulisema? Sasa anasubiri, na mtoto kamshika mkononi. Mpe jibu lake, amwachie. Kwangu mtoto huyo hapiti mlangoni na nguo ya maiti. Na bila hiyo nguo umeona mwenyewe."

Jibu analo aliyekuwa na ufunguo; kwa hiyo Kisyeri alikwenda kwa mganga mfawidhi, yule mkubwa wa hospitali, mtoto akiwa kifuani. Alisubiri kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mkubwa alimpokea vizuri, kiti akampa, maji ya chupa akampa.

"Mzee wangu, lile suala linashughulikiwa. Kamati iliundwa."

"Mimi sitaki kamati, dokta. Nataka mtu mmoja. Siku ile ufunguo alikuwa nao nani?"

"Ni suala la mfumo, mzee. Hatuwezi kumnyooshea mtu kidole."

"Ufunguo unashikwa na mfumo?"

Mkubwa akaangalia saa.

Hivyo ndivyo walivyo. Kufungua hawawezi, kufunga ndiyo kazi wanayoiweza. Kisyeri alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, lakini alijua kwamba kitu kikipotea bomani, mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa na zamu. Ng'ombe mmoja akikosekana Kemambo, wazee hawaundi mfumo.

Efrazia akamfuata getini jioni ile, jua halijazama. "Baba Kemambo, nakuomba. Tumehangaika mwaka mzima kupata sola na betri za wodi ya njiti. Umeme ukikatika, mashine zisizime. Tunakabidhi wiki ijayo. Mimi humu ndani naingia kwa hisani ya yule mkubwa. Akikasirika, nikifukuzwa, hawa watoto wengine watavaa nini, watalala wapi mama zao?"

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Sisemi unyamaze. Nasema si siku ya makabidhiano."

Akakubali. Lilian ndiye aliyempa mtoto wa Mokami maziwa; angewezaje kumzimia mtoto wa Lilian mashine?

Siku ya makabidhiano wakafunga turubai uwanjani, wakapanga viti. Wakubwa walikaa mbele, mama wa njiti nyuma, kwaya ikaimba. Paneli ziling'aa juu ya paa. Kisyeri alisimama pembeni karibu na ukuta, kanga kifuani, kikofia cha njano kimechomoza shingoni pake. Aliahidi kunyamaza na alikuwa ananyamaza.

Mfawidhi akashukuru. Akasema mengi. Mwishoni akasema, kwa sauti ya kutuliza watu: "Na kwa usalama wa vifaa hivi vya thamani, chumba cha betri kitafungwa kufuli imara, na ufunguo utakaa kwa mhusika."

Watu wakapiga makofi. Efrazia akasimama, ameshika ufunguo mpya umefungwa utepe mwekundu, anauleta mezani.

"Wamepata ufunguo?" Mokami akauliza kifuani.

Na mtoto akaacha kupumua. Kisyeri aliuhisi mgongo ule mdogo ukitulia chini ya kiganja chake. Akamsugua. Akamsugua tena. Hakuna.

"Mheshimiwa," akasema. Haikuwa sauti kubwa, lakini kwaya ilikuwa imekaa na makofi yameisha. "Mke wangu ana swali."

Vichwa vikageuka. Mtu wa itifaki akaanza kumjia, akaona alichobeba, akasita. Lilian, kule nyuma, akasimama na mtoto wake. Halafu mama mwingine akasimama.

"Alilala pale kwenye ule mlango," Kisyeri akasema. "Jenereta lilikuwa pale. Mlihesabu kila kitu siku ile, damu yake mkaipima. Mimi sijui kusoma sana. Niambieni jina tu, nikamwambie, amwachie mtoto."

Mfawidhi akakohoa, akageukia mtu wa kulia kwake. Yule wa kulia akageukia wa kulia kwake. Efrazia, mkono ulikuwa umeshanyooka mezani. Aliutazama ufunguo, akamtazama mkubwa, kisha taratibu akaurudisha kifuani kwake na kuufumbata.

Chini ya kanga mtoto alivuta pumzi moja, ndefu, akaishikilia, kama mtu anayetega sikio.

"Siku ile," Kisyeri akauliza, "ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"