Mti Usiokuwa Kwenye Karatasi

Nianze na Lotiir, maana bila yeye nisingenunua nyumba. Lotiir alikuwa mwenye nyumba wangu pale Kakuma, mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia viatu vingi mlangoni. Asubuhi akipita na mtungi wake anasimama kuhesabu.

"Akaale, jana kulikuwa na jozi kumi na moja hapa."

"Tulikuwa kumi na wawili, mzee. Mmoja alikuja miguu mitupu."

Nilikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara ya Lokichoggio, na ikifungwa jioni watu hawaendi kwao, wanakuja kwangu. Madereva wa lori, wanawake wa kambi ya wakimbizi, shemeji za watu ambao hata siwajui. Mimi silali vizuri katika nyumba ambayo hakuna mtu anayecheka. Na habari nazo hunifuata zenyewe. Mwanamke akiachwa Lokichoggio asubuhi, kufika saa saba mchana mimi nimeshapata sababu zote mbili, ya kwake na ya mumewe, na ile ya tatu ya kweli.

Mwaka ule, tisini na sita, Kakuma ilikuwa imevimba. Kila wiki lori zinashusha watu wapya kambini, na mwenye chumba mjini anajiona mfalme. Siku moja Lotiir akaniambia nichague: wageni au chumba. Nikachagua wageni.

"Ya Akaale, sasa utawaweka wapi hao wageni?" Nyadak aliniuliza. Nyadak alikuwa mwenzangu wa hoteli, Mnuer kutoka Sudan, mkandaji wa chapati asiye na mpinzani. Alikuwa mrefu hivi kwamba ilibidi niinue bati la mlangoni kwa ajili yake peke yake.

"Nanunua nyumba Lodwar," nikamwambia.

Alicheka hadi unga ukamwagika. Lakini sikuwa natania. Mama yangu alikuwa Longech, huko ziwani, na macho yake yalikuwa yanapofuka. Ndugu zangu wanashinda majini, yeye anabaki peke yake na nyavu. Mwaka ule alikuwa ameshakanyaga ndoano mara mbili. Hospitali iko Lodwar. Nilimbembeleza aje tuishi pamoja, akanijibu kwa ukali wake wa siku zote: "Nitakuja ukiwa na chumba changu. Changu, Akaale. Cha kufunga mlango. Sitakuja kulala katikati ya kelele zako."

Basi nikatafuta. Lodwar ilikuwa inapanuka kuelekea mtoni, leo unaona miiba, wiki ijayo unaona ukuta. Nikaelekezwa kwa Ebenyo, karani mmoja aliyependa Kiingereza kiasi kwamba hata punda wake alimswaga kwa Kiingereza. Alikuwa na ploti karibu na mto Turkwel: nyumba ya vyumba viwili, bati zima, ua wa miiba, na katikati ya kiwanja mgunga mkubwa wenye kivuli cha kutosha harusi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nafasi ndefu, nyembamba, isiyo na kitu. Majirani wakasema hiyo ni njia. Nikadhani ni njia ya serikali, nikaiacha.

Msiniambie sikuuliza maswali. Niliuliza mto ukijaa maji yanafika wapi. Niliuliza jirani wa kulia anakunywa nini na wa kushoto anasali wapi. Karatasi nilisomewa mara tatu na watu watatu wasiojuana. Kitu kimoja tu sikuuliza, na sikuuliza kwa sababu mimi ni mtu wa Longech. Kwetu kuna mchanga, upepo na samaki. Ukiona mti kwa mbali unauliza ni nani yule amesimama pale. Haikunijia kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe.

Nikahamia. Hoteli nikamwachia Nyadak, mimi nikaanza kuuza chai sokoni Lodwar. Wiki ya kwanza chumba changu kilikuwa changu. Cha wageni hakikuwahi kuwa kitupu, kila lori la Kakuma lilinishushia mtu. Kikabaki chumba cha mama, na nafasi ya kukijenga niliiona moja tu: pale kwenye mgunga.

Nyadak akaomba kibali cha siku tatu kutoka kambini, akaja kuniona. Alipopanda lori alibeba shoka lake mwenyewe.

"Fundi wa nini?" akasema. "Mimi nimepasua kuni tangu kwetu Bentiu. Nipe chai kwanza."

Akanywa, akajifunga kanga kiunoni, akapiga shoka la kwanza. La pili. La tatu. Mti ulikuwa unatupa maganda yake ya mbegu wakati huo, ngitit zile za kujikunja ambazo mbuzi wanazipenda kama watoto wanavyopenda sukari, na kila pigo likatumwagia vichwani.

Ndipo mbuzi wakaja. Si kupitia langoni. Walitokea nyuma ya nyumba, kwenye ile njia, arobaini au zaidi, wakatupita kana kwamba sisi ndio mifugo. Mmoja aliingia ndani moja kwa moja akatoka na ufagio wangu mdomoni. Nyuma yao akaja mama mmoja mwenye shanga mpaka kidevuni, na ufito mrefu wenye ndoano ya kutikisia matawi, na wakaza wana wawili.

"Wewe mrefu!" akapaza sauti. "Teremsha hiyo shoka kabla sijapanda hapo juu nikakupiga kofi!"

Nyadak akateremsha shoka. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Nyadak akitii upesi hivyo.

"Ejok, mama," nikamsalimu. "Labda umepotea?"

"Ejok. Mimi nimepotea? Wewe ndiye umesimama chini ya mti wangu."

"Mti wako! Mama, hii ni ploti yangu. Nina karatasi."

"Ilete." Nikaileta. Akaigeuza, akaiangalia juu na chini, akamwonyesha mbuzi mmoja. "Haya, mti uko wapi hapa? Nionyeshe mti."

Mti haukuwepo. Kulikuwa na mistari na muhuri.

"Mimi ni Nakal," akasema. "Huu mgunga alikuwa nao mama wa mume wangu kabla Lodwar haijawa na duka la pili. Hii yote ni ekwar yetu, miti yetu ya mtoni. Mtu alale hapa, apike hapa, azae hapa, sawa. Lakini ngitit ni za mbuzi wangu, na mti hauguswi kwa shoka. Nani amekulea wewe?"

"Samaki," Nyadak akamjibu kwa niaba yangu.

Tulizozana mpaka jua likasimama utosini. Mimi napaza sauti, yeye anapaza sauti, majirani wamejaa uani. Nikamtuma mtu akamlete Ebenyo. Akaja, akamsalimu Nakal kwa adabu zote, Kiingereza kimemkauka mdomoni.

"Ebenyo, umeniuzia mti wa watu!"

"Hapana, dada. Nimekuuzia ploti. Mti si wangu, ningeuuzaje?"

"Na mbona hukuniambia?"

"Wewe unayejua kila kitu cha kila mtu? Nilidhani unajua."

Majirani nao wakaitikia hivyo hivyo. Wote walijua! Mimi ninayejua nani anamtoroka nani kutoka Lokitaung mpaka Kalokol, nilikuwa mtu wa mwisho kupata habari za uani kwangu. Hilo liliniuma kuliko hata zile alama tatu za shoka, na zile alama ndizo zilizokuwa balaa lenyewe. Jirani mmoja akaninong'oneza: anayepiga shoka mgunga wa mtu hutozwa faini ya mifugo, na mwenye mti akitaka, mkosaji huambiwa aondoke kwenye ekwar. Karatasi au si karatasi. Utaishije mahali ambapo hakuna atakayekuazima hata moto?

Wazee wa mtoni wakasema watakaa kesho asubuhi kuamua kesi. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mama kwamba chumba hakipo, na nyumba yenyewe huenda haipo. Alikuwa ameshafunga mizigo yake. Alishawaambia Longech nzima.

Kulipokucha wazee wakaja saba, na nikawatandikia ngozi kwenye kivuli. Wakakataa. Mti una kesi, wakasema, hatuwezi kumkalia mwenye kesi miguuni. Basi tukajibana wote kwenye chumba cha wageni, wazee, Nakal na wakaza wana wake, Ebenyo, majirani, na Nyadak aliyekunja magoti mpaka masikioni. Wageni wangu wawili kutoka Kakuma walikuwa bado wamelala humo. Hawakupata pa kutokea, wakawa mashahidi.

Mzee mmoja akasema alama ni tatu. Mwingine akasema ya tatu imefika kwenye mti wenyewe, si gome tu. Nyadak akasema yeye ndiye aliyepiga, wamtoze yeye, ana kuku wawili kambini. Akaambiwa anyamaze, mkono si wake, ni wa aliyemtuma.

"Faini unayo?" mzee mkubwa akaniuliza.

"Mimi ni mtu wa samaki, baba. Mbuzi sina hata mmoja."

"Basi kazi iko kwa mwenye mti. Nakal, unataka huyu abaki au aende?"

Nilimwangalia Nakal. Alikuwa ameinamia kikombe chake, anakizungusha polepole kutafuta sukari iliyobaki chini.

"Hawa waliokaa hapa kabla yake," akaanza, "wapangaji wa Ebenyo. Walikuwa watu wazuri. Hawakugusa mti hata siku moja. Nikija wanafunga mlango. Wanaokota ngitit wao wenyewe, wanatia guniani, wananirushia juu ya miiba. Miaka minne. Sikuwahi kujua hata nyumba hii ina vyumba vingapi." Akakohoa. "Huyu jana amenitukana."

"Sikukutukana, mama, nilipaza—"

"Ulinitukana. Uliniita mzee mkaidi. Lakini ulikuwa unanitukana huku unanimiminia chai. Kikombe kikiisha unajaza, unaendelea kutukana. Nilikunywa vikombe vitano, na hawa wakaza wana wangu walikula mpaka wakashindwa kuinuka. Nikajiuliza, huyu ni adui wa aina gani?"

Watu wakacheka. Na ni kweli, wallahi, sikuwa hata nimejua. Mtu akiwa mlangoni kwangu mkono wangu unakwenda kwenye birika wenyewe, ugomvi ni kazi ya mdomo.

"Unakata mti kwa nini?" akaniuliza moja kwa moja.

Nikamweleza. Mama, macho, ndoano, chumba cha kufunga mlango.

"Na mbona hujengi huko nyuma?"

"Huko ni njia."

"Njia ya nani?"

"Ya... serikali?"

Hapo walicheka hadi mzee mmoja akashikwa na kikohozi. Ebenyo alijifunika uso kwa karatasi yangu.

"Ni njia ya mbuzi wangu, wewe mtoto wa ziwa," Nakal akasema. "Imo kwenye ploti yako, muulize huyu anayejificha. Watu waliiacha kwa sababu yangu. Jenga huko. Lakini sasa mbuzi watapita mlango wako wa mbele, katikati ya watu wako, na hutafunga lango wakati wa ngitit, hata usiku. Na mimi nikija na watu wangu tunakaa, hatusimami. Hiyo ndiyo faini."

Mzee mkubwa akaniuliza kama ninakubali. Kuambiwa nisifunge mlango! Mimi! Nyadak alinibana kiunoni nisiruke kwa furaha.

Tukajenga. Nyadak alirudi Kakuma kibali kilipokwisha, akiwa ameshachimba msingi wa ukuta mmoja peke yake. Kuta zilizobaki tulizimaliza kwa wiki tatu, na majirani wakaleta miti ya mikoma ya kushikilia bati la paa. Mlango niliununua mpya, wa mbao, wenye kitasa kinachozunguka. Alama za mgunga Nakal alizipaka samadi mwenyewe, akinisimanga kwa kila kiganja.

Mama alifika kwa lori la samaki kutoka Kalokol, mwisho wa msimu wa ngitit, akinuka ziwa lote. Nikamshika mkono, nikamwongoza katikati ya mbuzi hadi nyuma ya nyumba. Akapapasa ukuta kutoka kona hadi kona. Akapapasa dirisha. Akashika kitasa, akakizungusha huku na huku mara nyingi.

"Hiki ni changu?"

"Chako, mama."

"Na ni nani huyo anakoroma kitandani mwangu?"

Nakal alikuwa amejilaza humo tangu mchana, kwa sababu, alisema baadaye, bati jipya lina baridi yake. Akainuka na shanga zake zikilia. "Na wewe ni nani unayeniamsha?"

"Mwenye chumba!"

"Mimi ni mwenye mti!"

Wakarushiana maneno kwa muda ambao maji yangu yalichukua kuchemka, mama wa ziwani na mama wa mtoni, kila mmoja akimwuliza mwenziwe amelelewa na nani. Nilipofika na chai walikuwa wamekaa bega kwa bega kitandani, na Nakal anamwongoza mama mkono kwenye kikombe.

"Sasa nieleze," nikamsikia mama anasema. "Huyu Akaale, tangu aje hapa, anaingiza akina nani humu ndani? Usinifiche."

"Eee, dada," Nakal akasema, "kaa vizuri kwanza. Ni hadithi ndefu."

Akanipokea birika, akanisukuma nje kwa kiwiko, na kitasa kile kipya kikazunguka. Nikabaki nimebandika sikio kwenye mlango wangu mwenyewe, na mbao niliyochagua, kwa bahati mbaya, ilikuwa nene sana.