Saa Kumi na Moja na Nusu

Usiku wa jana, kabla hata sijamaliza kujifunika shuka, niliota niko kazini, kwenye kibanda cha lango, mbele ya kitabu cha wageni. Mimi ni mlinzi wa hifadhi yetu ya pwani. Anayeingia kutembea kwenye njia yake anaandikwa, anayetoka anaandikwa, na jioni idadi zilingane. Kazi rahisi, hata mvivu anaiweza. Mimi nimeifanya kwa miaka sita.

Ukutani kulikuwa na sauti imetundikwa kwenye msumari.

"Ya nani hii?" nikauliza.

"Ya mwalimu Mbeyu," kikajibu kibao cha sheria. "Mimi nimeandikwa 'Acha kelele langoni.' Akaiacha. Watu wenye adabu bado wapo, Nyanje."

Sauti ilikuwa ikisema polepole, "Nisaidi... nisaidi..." haimalizi. Haki ya Mungu niliijua. Mwalimu Mbeyu aliingia peke yake Jumamosi moja, siku kumi na tisa zilizopita, kutazama ndege wa ufukweni.

Nikaitia mfukoni, nikashika njia.

Msituni, mawe ya matumbawe yalikuwa yakipiga miayo. Nyayo za mwalimu zilijipanga mbele yangu, kushoto, kulia, zikinisubiri.

"Mbona bado mko hapa?" nikaziuliza. "Na mvua zote hizi!"

"Sheria inasema mgeni aache nyayo tu," unyayo wa kushoto ukasema. "Tumeachwa. Tufanyeje?"

"Na za kurudi ziko wapi?"

Zikatazamana. "Ala! Si wewe ndiye mwenye kitabu?"

Napiga hatua moja, msitu umekwisha. Niko kwenye uwanda wa chumvi, jua la utosi, hakuna mti hata wa dawa. Napiga ya pili, niko juu ya vilima vya mchanga na ndege wananitazama kwa dharau. "Yeye alituhesabu wote," wanasema. "Hakumsahau hata mmoja." Ya tatu, nazama kwenye tope mpaka magotini. Mikoko.

Mwalimu Mbeyu yuko hapo. Tope limemfika kifuani, darubini iko shingoni. Mdomo unafunguka na kufungika bila kutoa neno. Nampa sauti yake. Anaimeza, kisha anamalizia pale alipoachia: "...eni!" Anakohoa kidogo.

"Asante. Habari za kazi?"

"Nzuri tu."

Namshika mikono, navuta. Hasogei hata kidogo.

"Unavuta nini?" anauliza kaa mmoja, amevaa kofia ya askari kama yangu, kitabu changu kiko mgongoni mwake. "Huyu si ametoka? Saa kumi na moja na nusu. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi hapa hamna mtu. Acha kuchezea tope."

Maji yanajaa. Yameshamfika mwalimu mabegani.

"Uliniona nikitoka?" ananiuliza. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza.

"La. Jioni ilikuwa imefika, jina lako peke yake limebaki wazi. Mpira ulikuwa unaanza redioni. Nikasema, ah, atakuwa amepitia ufukweni huyo. Nikakuandika."

"Na nilipoita?"

"Nilisikia kitu," nasema. "Nikaongeza sauti ya redio."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nililia pale mbele ya kaa, mtu mzima mimi.

"Kijijini wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema umefuata mwanamume Mombasa."

"Na mama?"

"Anakuja kila asubuhi kuuliza. Namsomea kitabu. Kisha anapanda gari kwenda kukutafuta."

Maji yakamgusa kidevu.

"Futa," akasema.

"Kitabu hakifutwi, mwalimu. Nitafukuzwa kazi."

"Futa, Nyanje."

Nikalowesha kidole gumba, nikasugua. Saa kumi na moja na nusu ikapiga ukelele, ikavimba kwa maji, ikaondoka. Kaa akavua kofia.

"Sasa yumo ndani," akasema. "Mmoja hajatoka."

Nikavuta tena. Safari hii mkono ulikuja, mwepesi mno, na maji yakapita juu ya kichwa chake.

Nikaamka natweta. Kumekucha. Nikajilaumu kwa kula samaki usiku, nikavaa sare, nikaenda kufungua lango. Mama yake alikuwa ameshafika na kikapu chake cha safari, kama siku zote.

"Mwanangu, hebu niangalizie tena alitoka saa ngapi. Pengine jana hukusoma vizuri."

Nikafunua ile Jumamosi. Mbeyu Karisa, kuingia, saa nane mchana. Upande wa kutoka palikuwa patupu. Karatasi ilikuwa imechujuka kidogo, na chembe za chumvi zimeganda pembeni. Nikatazama kidole changu gumba. Kilikuwa na wino.

Barabarani gari la Mombasa likapiga honi. Mama akachukua kikapu chake.

"Haya, acha niwahi. Leo nitaulizia kule Likoni."

Nikamshika mkono.

"Usipande, mama," nikasema. "Mbeyu hakutoka."