Kikohozi cha Mzee wa Taa

Nimedanganya watu wengi maishani, na wengi wao walifurahi. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba niliwahi kutengeneza mashine ya gemu kwa pini ya nywele huku umeme unawaka, nywele zikanisimama wiki nzima mpaka kinyozi akanifungia mlango. Pini ni kweli. Hayo mengine ni chumvi. Haya ya leo sina nguvu ya kuyatia chumvi.

Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa fundi wa ukumbi wa gemu. Mashine kumi na moja, kila moja kubwa kama kabati la nguo, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee wa Taa: kizee kifupi kinashuka pangoni na taa mkononi, popo wanamfuata, wakimgusa taa inazimika. Ikizimika, mashine inatoa milio minne ya kushuka. Tii, tuu, too, halafu ule wa nne, wa chini kabisa, ulikuwa na mkwaruzo kama wa mtu mwenye kifua. Kho.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yetu. Hakuwahi kuicheza gemu ile hata mara moja. Aliisikia. Anashona, Mzee anakohoa ukutani, mpaka siku moja akachungulia mlangoni.

"Fundi, huyo babu yako hamna dawa ya kumpa?"

Badala ya kujibu kama mtu mzima, nikamwambia nimewaandikia barua waliotengeneza gemu, huko ng'ambo, wakakiweka kile kikohozi kwa ajili yake, ajue kuna mtu upande wa pili. Akacheka mpaka futi ikamdondoka shingoni. Tukaoana. Barua ile nikaendelea kuiongezea kwa miaka arobaini: mara ilikuwa na muhuri wa dhahabu, mara ililetwa na rubani mwenyewe.

Mwaka huu macho yake yalikuwa yameshamtupa mkono, figo nazo zikafuata. Daktari akamwita binti yetu pembeni, akasema tumrudishe mama nyumbani, tumpe anachotaka. Alichotaka kilikuwa kimoja.

"Nimsikie Mzee wa Taa akikohoa. Mara moja tu."

Ukumbi ulishabomolewa, mashine ziliuzwa vyuma chakavu. Lakini gemu yenyewe ilitolewa kwa mashine za nyumbani za kila aina, na binti akaanza kuzisaka kwa wauza mitumba. Kila akileta boksi naliunganisha na televisheni, sauti naipitisha kwenye spika kuukuu isiyo na kitambaa mbele, niliyoiweka karibu na mto wake. Kisha namtupa Mzee kwa popo wa kwanza, tunasikiliza.

Ya kwanza ilikuwa ya kaseti za kuchomeka. Rangi mbili, kofia na pua ya Mzee kitu kimoja. Milio ikatoka kama mbu.

"Huyu hajaota hata ndevu," mke wangu akasema.

Ya pili ilikuwa kompyuta ile ya kupakia gemu kwa kanda ya redio. Tulingoja kanda ipige kelele dakika kumi, na mwisho wake milio ilikuwa mitatu.

"Wa nne wameula," nikasema.

"Ungekuwepo ungewasaidia kutafuna."

Ya tatu ilikuwa ya mkononi, spika yake kama kifungo cha shati. Nikamwekea sikioni. "Yuko mbali sana huyu," akasema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kuwa mbali. Ya nne, ya diski, kosa lake lilikuwa uzuri: popo wana manyoya, na kundi zima la wapiga vinanda limeitwa kwa milio minne.

Ya tano ilikuwa kiboksi chenye gemu ya ukumbini iliyonakiliwa kama ilivyo, hata yule popo wa tatu anayekwama ukutani. Tii, tuu, too, na wa nne ukatoka safi kama maji.

"Ndiye," akasema taratibu. "Lakini amepona."

Nikafoka kwamba hao watu wa ng'ambo wametusaliti, barua yangu wameitupa. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, kama anayengoja mtu amalize sentensi. Mimi nilikuwa nimeshaimaliza.

"Haya. Tafuta tena, fundi."

Siku ya nane binti aliniomba uzi ashone shuka lililochanika. Nikafungua bati la cherehani la mke wangu. Chini ya vifungo kulikuwa na karatasi ya kaki ya kukatia kola, ina alama zake za penseli, na kona moja imechanwa. Nikakaa chini sakafuni.

Kona ile niliichana mimi. Spika ya Mzee wa Taa ilipasuka wiki niliyoanza kazi, bosi hataki kusikia habari ya spika mpya, nikaingia chumba cha pili, mwenye cherehani akiwa ametoka, nikachana karatasi ya kwanza niliyoiona, nikabandika kwa gundi. Ilipokauka, kiraka kikawa kinatetemeka kwenye mlio wa chini. Hakuna mashine duniani yenye kikohozi kile. Nilikuwa nimeisimulia barua mpaka nikaiamini, na siku nane za mke wangu zikaishia humo.

Mwingine angekwenda kumwambia. Mimi nilisubiri alale, nikaipasua spika kwa wembe, nikachana kona nyingine ya kola, nikabandika. Alipoamka nikamwambia tumepata ya sita, kwa mzee mmoja aliyeifungia kabatini miaka thelathini, ameitoa huku analia.

"Analia?"

"Kama mtoto."

Nikawasha kiboksi kile kile cha tano, nikampeleka Mzee kwa popo. Mlio wa nne ukatoka mzito, umeziba. Mke wangu akanyoosha mkono. Vidole vyake vikatembea juu ya spika, vikafika kwenye kiraka, vikasimama.

"Karatasi ya kola," akasema. "Mara hii uliomba?"

Nikaishusha sauti ya televisheni.

"Nilikiona kiraka nyuma ya mashine, siku unafagia, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi. Nilijua kabla hujanitajia hiyo barua."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe."

"Barua haikuwepo," nikasema. Miaka arobaini, na ni maneno mawili tu.

"Haya. Piga tena."

Nikapiga. Akasikiliza, akatikisa kichwa kidogo.

"Bado. Gundi haijakauka. Kesho atakuwa mwenyewe."

Alituacha alfajiri, binti akiwa amemshika mkono.

Siku mbili baadaye, nyumba ilipobaki kimya, niliwasha televisheni. Tii, tuu, too. Kho. Alikuwa mwenyewe. Nikampeleka kwa popo tena, na tena, uso nimeuelekeza mlangoni, nikingoja mtu achungulie aniulize habari ya dawa.