Ananiita Dereva

Watu wakiona pikapu inavuta trela kubwa kuliko yenyewe, halafu wakaona aliyeshika usukani ni mwanamke mwenye mvi, hunyoosha shingo kama twiga. Wacha wanyooshe. Lile trela ni nyumba yangu. Lina kitanda, jiko, kabati na kidirisha chenye pazia, na aliyeliunda chuma kwa chuma ni mume wangu, fundi wa kuchomelea. Tangu binti yetu aolewe tumeishi humo tukifuata kazi. Likijengwa daraja, tupo. Likijengwa ghala, tupo.

Sasa sikia kichekesho. Fundi huyohuyo aliyeliunda hajui kulirudisha nyuma! Mbele anakwenda vizuri tu. Nyuma, yeye anataka kulia, trela linakwenda kushoto, mwisho anashuka na kulitukana kama mtu. Mwenye mkono wa kurudisha ni mimi. Basi tukagawana kazi. Mimi usukani, yeye chini, nyuma kabisa, akiniongoza kwa mikono. Mimi nikamwita Fundi, yeye akaniita Dereva, na majina tuliyopewa na wazazi yakabaki kwenye vitambulisho. Hata tukigombana, na tumegombana sisi, Mungu anajua, alikuwa anakuja kugonga mlango wa pikapu na kusema, "Dereva, yaishe basi, chai inapoa."

Ndiyo maana maradhi yake yalipoanza mimi sikutishika kama wengine. Alitafuta spana huku ameishika mkononi. Nikacheka. Akasahau jina la binti yetu, akawa anamwita "mwanangu" kama anavyomwita kila kijana anayempita njiani. Hapo sikucheka. Lakini mimi aliniita Dereva. Asubuhi Dereva, jioni Dereva, hakukosea hata mara moja. Nikamwambia binti kwenye simu, "Baba yako ananijua. Mtu anayenijua simwachi."

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua," akanijibu. "Mlete baba hapa. Chumba kipo, zahanati ipo jirani, na mimi nashinda nyumbani. Wewe unaendesha, unalala umechoka. Iko siku atashuka kwenye hilo trela ajiendee zake, na hutajua pa kumtafuta."

Chumba chenyewe nakijua. Kina kitanda cha mtu mmoja. Na kinachotulisha siku hizi ni hiyo pikapu ninayobebea watu mizigo, kwa hiyo yeye akibaki, mimi lazima niondoke. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Sikiliza wewe mtoto niliyekuzaa mimi. Geti lako ni jembamba, sivyo? Tutakuja. Baba yako ataniongoza niingie kinyumenyume. Nikiingia bila kugusa nguzo, naondoka naye, na neno hilo silisikii tena. Nikigusa, anabaki."

Halafu akasema, "Sawa, mama. Iwe hivyo."

Tuliondoka asubuhi. Alifunga minyororo mwenyewe, akaunganisha waya wa taa, akapiga teke gurudumu moja moja kama kawaida yake. Moyo wangu ukatulia. Tukafika kwenye mteremko, upepo ukatupiga ubavuni, na ghafla nikahisi usukani unalegea mikononi. Kutazama kioo, trela linacheza mkia! Linakwenda huku, linarudi huku, linataka kutugeuza. Wengi hapo hukanyaga breki ya gari, na wengi hao wamezikwa. Mimi nikaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikashika usukani wima, nikabonyeza kwa mkono ile breki ya trela peke yake, kidogo kidogo, mpaka likanyooka. Nikasimama pembeni roho ikiwa mkononi.

Nikafungua mlango wa trela. Loo! Mashine ya kuchomelea, masanduku ya vifaa, vyuma vyote, vimerundikwa nyuma kabisa, chini ya kitanda. Na huyu ndiye aliyenifundisha mimi kwamba mzigo mzito hukaa mbele ya magurudumu, ukikaa nyuma unainyanyua shingo ya trela, likaanza wazimu.

"Fundi, nani kapanga hivi?"

Akatazama ndani, akakuna kidevu. "Vijana," akasema. "Vijana wa siku hizi hawasikii."

Vijana gani? Tulikuwa wawili tu. Nikavua viatu nikaingia, nikazisukuma zile zana mbele moja baada ya nyingine huku mgongo unalia na mimi namtukana ibilisi. Nilipotoka amesimama na kikombe cha maji ameninyooshea. "Pole, Dereva. Unajituma sana." Nikayanywa yale maji nikasema moyoni, hili la mzigo binti halisikii ng'o. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu mchana ule lilikuwa limeshakufa.

Tukafika kwa binti. Akatoka mbio, akapiga magoti kidogo mbele ya baba yake, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa uchangamfu. Binti akanitupia jicho. Mimi nikajitia hamnazo, nikaanza kuviweka sawa vioo vya gari.

Geti lile, jamani. Nguzo mbili za mawe, na kati yake nafasi ya trela na kiganja kimoja kila upande. Mbele yake barabara nyembamba, ng'ambo kuna mtaro. Majirani wakatoka na viti, maana burudani ya bure haikataliwi. Jirani mmoja akaniita, "Bibi, tukutafutie mwanamume akusaidie?" Nikamjibu, "Nitafutie kwanza wa kumsaidia mama yako kukufundisha adabu." Wakacheka, yeye akanywea.

Fundi akashuka. Akatembea mpaka nyuma, akasimama mahali pale pale anaposimama siku zote, ninapomwona kwenye kioo kuanzia kofia hadi viatu. Akainua mkono. Mimi nikaingiza gia ya nyuma.

Sijui niwaeleze vipi. Mkono ulikuwa ule ule. Kiganja kikaniita polepole, kikasimama, kidole kikaonyesha kushoto, nikakata, akanirudisha, nikanyoosha. Trela likageuka kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nguzo ya kulia ikapita, ya kushoto ikapita. Mahali nisipoona kitu, niliona mkono wake tu, na mkono ulitosha. Kisha akakunja ngumi. Simama. Nikazima gari.

Majirani wakapiga makofi. Binti, aliyekuwa kando ya trela, akapitisha mkono kwenye nguzo akitafuta mkwaruzo, hakuuona. Akaja mbele ya gari macho yamejaa machozi. "Nimeshindwa, mama," akasema. "Nenda naye. Sitasema tena." Akaingia ndani kutuwekea chai.

Nilikuwa bado nimeketi nikijisikia msichana. Fundi akaja, akagonga mlango wa pikapu.

"Dereva."

"Naam, Fundi wangu."

"Hongera. Kazi safi sana. Nimeona madereva wengi, lakini wewe unarudisha karibu sawa na mke wangu."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. "Karibu sawa? Kwani mkeo ananizidi nini?"

"Ah, yule humuwezi," akasema, na uso wake wote ukang'aa. "Ana mdomo mkali, lakini mkono wake, we acha tu! Sasa nakuomba, kama unapita njia ile ya juu, nipe lifti. Nimemwacha huko na trela letu. Nikichelewa hukasirika, na akikasirika hali chakula."

Nikaacha kucheka. "Fundi. Nitazame. Mimi ni nani?"

Akanitazama vizuri, kwa heshima, kama mtu anayetaka kulijibu swali la mgeni bila kumkosea. "Si wewe dereva?"

Nikaelewa. Zile asubuhi zote. Zile jioni zote. Hakuwa akiniita jina. Alikuwa akimwita mtu aliyemwona nyuma ya usukani, na angeketi mwingine yeyote pale, angemwita hivyo hivyo. Niliumia, jamani. Niliumia kuliko siku niliyomzika mama yangu, maana mama alikufa akiniita kwa jina.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshinda, na hapakuwa na mwingine aliyesikia. Lakini alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango, anatazama barabara, anataka kwenda kunitafuta. Na mimi nikilala, nani angemzuia?

"Mkeo ndiye aliyenituma," nikamwambia. Sauti sijui niliitoa wapi. "Amesema umsubiri hapa, kwa binti yenu."

"Hapa? Amekasirika?"

"Hajakasirika hata kidogo."

Akashusha pumzi, akaachia kitasa.

Binti akatoka na sinia. Nikamwambia, "Baba yako anabaki." Akashangaa, "Mama, si ameweza? Wote tumeona!" Nikamwambia, "Nimesema anabaki, usinibishie." Akanitazama usoni, akaliweka lile sinia chini, akanikumbatia, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya majirani na viti vyao.

Trela nikaliacha hapo kwa binti, Fundi alale kwenye kitanda anachokijua. Nikashusha jeki, nikafungua kiungio. Yeye akanisaidia minyororo bila kuombwa, akaikunja vizuri, akaniaga kwa kunipa mkono kama anavyoagwa mtu wa safari. Nilikishika kiganja kile kwa muda mrefu mpaka akaona haya.

Nilipowasha gari akaja tena dirishani.

"Ukimkuta njiani," akasema, "mwambie asikimbize. Mwambie nipo, namsubiri yeye tu."

Nikasema nitamwambia.