Moyo wa Agnetha Haukusomeka

Kishikwambi kilikataa tena. Maandishi mekundu yalikuwa yale yale ambayo Kemilembe alikwisha kuyachukia: "Picha haifai. Rudia."

"Waitu, kinasemaje?" aliuliza kwa adabu ya Kihaya Agnetha, aliyekuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha zahanati, mimba yake ikiwa kubwa na kifua chake kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbia.

"Bado, Mama. Nigeukie kidogo zaidi."

Kemilembe akaongeza jeli, akasogeza kipimo chini ya titi la kushoto, akasubiri. Picha haifai. Rudia.

Yeye hakuwa daktari. Alikuwa injinia wa vifaa tiba, mzaliwa wa Ijuganyondo, aliyerudi Kagera na utafiti aliokuwa ameulilia kwa muda mrefu. Kipimo chao cha ultrasaundi kilienea kiganjani, na ndani ya kishikwambi kulikuwa na programu ya akili mnemba iliyofundishwa kusoma moyo. Nia ilikuwa njema: nesi wa kijijini, asiye na mtaalamu wa moyo karibu, aweze kumgundua mgonjwa ambaye vali za moyo wake, vile vilango vya damu, ziliharibiwa na homa ya utotoni. Maabarani, Dar es Salaam, mashine ilikuwa imewafurahisha wote. Hata katika zahanati hii ya Ngenge iliwasoma wanaume, ikawasoma watoto wa shule na vikongwe. Wajawazito ndio iliowakataa, mmoja baada ya mwingine.

Sababu aliijua. Mimba ikikua husukuma moyo juu na kuulaza upande. Programu ilikuwa imefundishwa kwa picha za watu wasio na mimba, na isipoukuta moyo pale ilipozoea kuukuta, inadhani aliyeshika kipimo amekosea. Alikuwa amemweleza hivyo msimamizi wake, Profesa Kamala, zaidi ya mara moja. Jibu halikubadilika: wauguzi waongezewe mafunzo. Akawaongezea, mpaka wakaanza kujificha wakisikia gari lake linaingia.

Sasa alikuwa amekishika kipimo mwenyewe, na bado mashine ilimwambia hajui kushika.

Akaacha kuyatazama maandishi, akaitazama picha. Ilikuwa imekaa mshazari, ndiyo, lakini moyo ulikuwepo, ukipiga mbio. Na vali ya kushoto haikuwa ikifunguka. Ilijipinda, ngumu, ikaacha kitundu chembamba, huku chumba cha juu yake kikiwa kimevimba kwa damu isiyopata njia. Picha kama ile Kemilembe alikuwa ameziona nyingi alipokuwa akiifundisha mashine.

Akatoka nje kumtafuta Rwekaza, tabibu wa zahanati.

"Yule mama apelekwe hospitali ya Bukoba leo."

"Mashine imesema nini?"

"Imekataa kusoma."

"Basi?" Rwekaza alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa amechoka. "Injinia, wajawazito wote huhema. Damu yake ni pungufu kidogo, nimempa dawa. Na ninyi wenyewe mlituambia hapa hapa kwamba injinia hasomi picha, wala hamwambii mgonjwa kitu."

"Najua tulichosema."

"Sasa mimi nikiulizwa Bukoba nani ameona ugonjwa, niseme nani?"

Kemilembe alitaka kupiga kelele. Utaratibu ule alikuwa ameutetea yeye mwenyewe mbele ya watu hawa, na ulikuwa na maana yake. Lakini ndani alimsikia Agnetha akikohoa, kikohozi chenye majimaji.

"Sema Kemilembe. Njoo umsikilize mapafu, halafu unikatalie."

Rwekaza akaingia, akaweka chombo chake mgongoni kwa Agnetha. Alisikiliza chini, akasikiliza juu, akarudi chini. Uso wake ukabadilika. Akatoa simu na kumpigia dereva wa gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limeharibika. Basi Agnetha akaketishwa wima katika gari la utafiti, mumewe, Datius, akimshikilia mabega, na Rwekaza akapanda nao na mtungi wa oksijeni. Kila barabara ilipowarusha, Datius alisema taratibu kwa Kihaya, "Mawe, mawe," yaani mama wee, na Agnetha alimwambia anyamaze, anamchosha.

Bukoba daktari alipima na kuthibitisha. Vali ilikuwa imeziba, maji yalikuwa yameanza kuingia mapafuni. Wakampunguzia maji, wakatuliza mapigo, wakamlaza chini ya uangalizi. Baadaye alijifungua mtoto wa kike mdogo mwenye sauti kubwa. Vali yenyewe itatengenezwa Dar, waliambiwa, zamu yake ikifika.

Siku ile ile aliyolazwa Agnetha, Kemilembe akiwa bado hospitalini, Profesa Kamala alipiga simu.

"Umevunja utaratibu."

"Nimeuvunja, Profesa. Mgonjwa yuko hai."

"Nashukuru Mungu kwa hilo, kweli. Lakini tusichanganye mambo. Tumekubaliana na wenzetu wa ng'ambo. Wajawazito wanatolewa kwenye utafiti. Picha zao zote zinafutwa, zisiingie kwenye hesabu, kwa kuwa hazina ubora. Bila wao mashine inasoma vizuri sana. Makala itatoka mwaka huu."

"Profesa, ugonjwa huu unawalemea zaidi wakiwa na mimba. Hao ndio tuliwafuata Ngenge!"

"Utakuwa utafiti mwingine, baadaye."

"Picha zenyewe mnazifuta, mtaifundisha mashine kwa picha zipi hiyo baadaye?"

"Kemilembe, unataka jina lako liwemo au lisiwemo?"

Alisimama kwenye korido, watu wakimpita na ndoo na vyakula vya wagonjwa. Miaka yake ya masomo ilikuwa ndani ya makala ile. Angeweza kusema liwemo, kisha agombane akiwa ndani. Wengi hufanya hivyo, na baadhi hufaulu.

"Lisiwemo," alisema. "Kama mtaandika inawafaa watu wa vijijini, lisiwemo."

Vifaa vilifuatwa siku chache baadaye, na naye akaarifiwa kwamba hayumo tena katika utafiti. Kemilembe alivikabidhi vikiwa safi, vimepanguswa jeli. Aliomba abakiziwe picha za wajawazito. Akaambiwa ombi linashughulikiwa. Alimpigia Rwekaza kumuaga, na Rwekaza akamwambia wauguzi wanauliza mashine inarudi lini, maana kuna mama mwingine, wa kijiji cha Izigo, anayehema kwa namna ile ile.

"Mpeleke Bukoba."

"Nimempeleka. Nilikuwa nauliza tu."

Nyumbani Ijuganyondo mama yake alikuwa uani akimenya ndizi. Alimtazama binti yake akiteremka na begi saa ambazo watu huwa kazini.

"Kazi imekwisha?"

"Haijaisha, Mama. Nimeondolewa mimi."

Mama akasogeza kigoda kwa mguu, akamsukumia kisu cha pili. Kemilembe akaketi, akachukua ndizi, akaanza kumenya kwa hasira, akikata na nyama pamoja na ganda, na mama yake, ambaye kwa kawaida asingevumilia uharibifu ule, alimwacha.